Soketi ya 54 na fomu ya kuridhika

Kila wanafunzi wakirudi kutoka fildi, yaani wiki za mafunzo ya vitendo kazini, ofisi hutugawia sisi walimu fomu za kuwajazisha. Ni karatasi moja, na swali linalopendwa na wakubwa liko juu kabisa: umeridhika kwa kiasi gani na mafunzo uliyoyapata kazini? Visanduku viko vinne, kuanzia "sana" hadi "sijaridhika kabisa". Nafundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja huku Kaskazini mwa Tanzania, na kwa jinsi nilivyozikusanya fomu hizo, matokeo naweza kukutajia kabla kalamu hazijatolewa mifukoni. Karibu darasa zima litatia tiki kwenye "sana". Wachache watatia kwenye "kiasi". Ripoti itaandikwa kwamba mafunzo kazini yanakwenda vizuri, kisha itapelekwa inakopelekwa.

Tiki hizo siziamini, wala si kwa sababu vijana ni waongo. Angalia wanajaza lini. Logibuku zao, madaftari ya kumbukumbu za kazi, bado ziko mezani kwangu zinasubiri alama. Tathmini ya msimamizi wa karakana, ambayo nayo ina alama zake, ama haijafika ama imefika na bahasha haijafunguliwa. Wengine wanatumaini karakana ileile itawaita wakishamaliza chuo. Nani mwenye akili zake ataandika, juu ya jina lake na namba yake ya usajili, kwamba alikwenda kupoteza muda? Halafu kuna malezi. Mgeni aliyelelewa hamwambii mwenyeji wake kwamba chumvi imezidi.

Ukitaka maneno yenyewe, ngoja fomu zikusanywe halafu utoke nao mpaka kituo cha daladala. Hapo ndipo yanapotoka. "Madam, mimi gari sijaligusa. Nilikuwa wa kuosha vyuma kwa dizeli." Mwingine anadakia: "Afadhali wewe. Mimi nilikuwa natumwa spea, sasa hivi maduka yote ya spea ya mjini yananijua." Wanacheka, na mimi nacheka nao, kwa sababu nami nilipitia gereji nikiwa msichana pekee kati ya wanaume na najua kuosha vyuma kunavyochosha. Lakini vyuma vikishaoshwa mara ya mia havina jipya la kukufundisha.

Katika kuwasikiliza hivyo njiani nimefika mahali pa kuamini jambo moja, na makala hii nzima ni jambo hilo. Mwanafunzi anayegawanya muda wake kati ya darasa na kazi haridhishwi sana na ukubwa wa karakana, wala mashine mpya, wala hata posho, ingawa posho nitaisemea. Anaridhika pale mtu mzima wa kazini anapompa kazi ambayo ikiharibika itaonekana, kisha mtu huyohuyo akarudi kuikagua. Pakikosekana hapo, vingine vyote ni matembezi.

Nitoe mfano wa vijana wawili wa darasa moja. Mmoja alipangiwa karakana kubwa yenye sakafu ya vigae, mashine za kunyanyulia magari na kompyuta za kusoma makosa ya injini. Alipewa ovaroli inayofuliwa kila wiki, na chai saa nne. Mwenzake alipelekwa gereji ya magari ya watalii, zile Land Cruiser zilizorefushwa na kuwekewa paa la kunyanyuka, sakafu yake udongo ulioshiba oili, na fundi mkuu mzee asiyependa maswali asubuhi.

Barabara za mbugani hazina huruma na gari. Kila gari likirudi safari, habu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, hufunguliwa, beringi zikatolewa, zikaoshwa, zikakaguliwa, zikashindiliwa grisi mpya. Kuzirudisha ndiko kwenye kazi. Nati ya kurekebishia beringi inataka soketi ya milimita 54, kichwa cha spana kinachovikwa juu ya nati, na katika gereji nyingi soketi hiyo iko moja tu, inakaa kwenye droo ya mkubwa. Unakaza nati, unazungusha habu ili beringi zikae mahali pake, unalegeza, unakaza tena kidogo. Ukizidisha, beringi inapata moto na inakufa njiani. Ukilegeza, gurudumu linacheza. Kitabu kinakupa kipimo, unavuta habu kwa mizani ya springi na kusoma namba. Yule mzee hana mizani, ana mkono.

Kijana wangu alikuwa ameshaangalia vya kutosha. Siku moja mzee akafungua droo, akamkabidhi soketi na kumwonyesha upande wa kushoto wa gari. Hakusema kitu kingine. Kijana akakaza, akazungusha, akalegeza, akakaza. Mzee akaja, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. "Fungua. Anza upya." Ikarudiwa, ikafunguliwa tena. Mwishowe mzee akatikisa, akanyamaza, akaondoka. Kijana akakunja washa ya kufungia, akafunga kifuniko. Asubuhi iliyofuata gari hilo lilipanda kwenda Ngorongoro na watu ndani yake.

Aliponisimulia hakuzungumzia grisi wala nati. Alisema hakulala. Gari liliporudi alikuwa wa kwanza kulifuata getini, akaweka kiganja kwenye habu kuona kama ina moto kupita ile ya upande wa pili. Akamuuliza dereva, "Kaka, halikuvuta kushoto?" Dereva hakujua hata anaulizwa nini. Kwa mwalimu wa ufundi, kijana kugusa habu bila kutumwa ni zaidi ya mtihani wa nadharia niliouandaa mimi.

Sasa tazama fomu. Huyu wa soketi aliweka tiki kwenye "kiasi". Nauli ilimmaliza, na mzee alikuwa mkali. Yule wa vigae aliweka "sana", akaongeza na mstari wa shukrani. Lakini njiani huyo wa "sana" aliniambia kwa sauti ya chini kwamba magari mengi pale yalikuwa bado kwenye dhamana ya kampuni, kompyuta zina nywila, na yeye alikuwa anasimama nyuma ya fundi akitazama skrini. "Madam, wakiniita kazini kesho nitaogopa."

Fomu inauliza mambo mawili kwa swali moja. Ulitendewa vizuri? Ulifundishwa? Kijana anajibu lile la kwanza kwa sababu ndilo rahisi, na sisi ofisini tunasoma kana kwamba amejibu la pili.

Kwa nini mwenye karakana hatoi soketi? Wengi wetu vyuoni hukimbilia kusema ni uchoyo. Nimekaa na wenye gereji wengi mno kukubali hilo. Tatizo ni kalenda. Mwanafunzi wa fildi anakuja na barua yenye muhuri, anakaa wiki kadhaa, anaondoka. Wiki za mwanzo hajui funguo zinakaa wapi. Za katikati anaanza kuwa na faida. Za mwisho anaaga. Mwenye gereji akimpa muda wa fundi wake bora, anamfundishia jirani. Na akivunja kitu, barua ya chuo haisemi nani analipa. Kwa hesabu hiyo, ufagio ndio chombo salama zaidi cha kumpa mgeni, na mimi mwenyewe nikiwa na gereji yangu sijui kama ningefanya tofauti.

Kuna na hesabu nyingine ambayo waajiri wakubwa hunitolea nikiwa sijamaliza hata kusalimia. Tanzania Bara mwajiri analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, inayokokotolewa juu ya mishahara yote anayolipa. Ilikuwa asilimia 6, ikashuka hatua kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023. Sheria ya VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ya mwaka 1994 ndiyo iliyoweka msingi wa mamlaka hii na fedha zake, na sehemu ya tozo hiyo, theluthi moja, ndiyo iliyokusudiwa mafunzo ya ufundi stadi. Kwa hiyo meneja ananiambia: "Madam, mimi nimeshalipa. Nimelipa serikalini mumfundishe nyinyi, halafu mnamleta kwangu nimfundishe tena bure?" Sina jibu zuri sana. Namwambia chuo kinafundisha kushika spana, yeye atamfundisha lini asishike. Wengine hutabasamu. Wengine wanaangalia saa.

Uanagenzi unaiondoa kalenda hiyo. Mwanafunzi hagawiwi wiki chache mwishoni mwa kozi. Tangu mwanzo yeye ni wa pande mbili, siku fulani yuko kazini na siku fulani darasani, au vipindi vinapishana, mpaka anamaliza. Hapa kwetu VETA imewahi kuuendesha kwa ushirikiano na chemba ya ufundi, yaani chombo cha wenye karakana, ya Hamburg huko Ujerumani, mji ambao ni ndugu wa Dar es Salaam, kwa fani kama magari, umeme na hoteli. Chuo cha Taifa cha Utalii nacho kiliuingiza kwenye hoteli kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, na mwaka 2017 serikali ikatoa mwongozo wa taifa wa uanagenzi. Kwa ukubwa wa nchi bado ni kitu kidogo. Wanafunzi wengi wa ufundi wanaendelea kwenda fildi ya kawaida. Lakini walio kwenye mpango wa pande mbili ukizungumza nao unaona tofauti hata kwenye viwakilishi. Wa fildi anasema "pale kwao". Mwanagenzi anasema "kwetu". Na mwenye gereji naye anajua kijana atakuwepo Jumatatu ijayo, na Jumatatu ya mwezi ujao, na mwakani. Sasa kumfundisha kunalipa.

Kila mkutano wa mambo haya lazima mtu ataitaja Ujerumani, nami nitaitaja, ila si kwa kuimba. Kule mafunzo ya pande mbili yana sheria yake ya shirikisho tangu 1969. Kijana anasaini mkataba na kampuni. Anakuwa kazini siku tatu au nne za wiki, siku moja au mbili yuko shule ya ufundi, na fani nyingi huchukua miaka mitatu au mitatu na nusu. Analipwa. Tangu 2020 kuna kima cha chini cha malipo hayo kisheria: mwaka wa kwanza wa mafunzo kilianza na yuro 515 kwa mwezi, na kwa wanaoanza 2025 kimefika yuro 682. Analo daftari la kumbukumbu la kazi analotakiwa kulijaza, sawa na logibuku zetu, ila kule likikosekana hata mtihani wa mwisho anaweza kuzuiwa.

Na hata kule hawaridhiki wote, jambo ambalo watu wetu wa semina huliruka. Vijana wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, DGB, hutoa ripoti ya kila mwaka inayowauliza wanagenzi wenyewe, tena bila kupitia kwa bosi. Takriban saba kati ya kumi husema wameridhika. Lakini ukiingia ndani ya fani, picha inapasuka. Mafundi wa mitambo ya viwandani wako juu ya orodha karibu kila mwaka. Wapishi na watu wa hoteli wanakaa chini ya orodha karibu kila mwaka. Wanalalamikia saa za ziada, kupewa kazi zisizohusiana na fani, na msimamizi ambaye yuko kwenye karatasi tu. Mikataba mingi, kati ya robo na karibu theluthi, huvunjwa kabla ya muda wake kwisha, ingawa baadhi yao huhamia kampuni au fani nyingine tu.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilihisi kama nimesikia wanafunzi wangu wakienda kituoni. Ufagio uko Stuttgart, na uko Arusha. Tofauti ni kwamba kule kijana aliyepewa ufagio ana mkataba unaosema hakuja kufagia, na ana chemba ya kupeleka malalamiko. Wa kwetu ana mwalimu anayepita mara chache kwa muhula, tena mwalimu huyo anakuja na kalamu ya alama mkononi.

Sasa posho. Watu wenye mishahara hupenda kusema kijana anayetaka kujifunza hatazami hela. Waje wapande daladala mbili asubuhi na mbili jioni, wale mchana kwa mama ntilie, halafu waseme tena. Kijana anayetoka nje ya mji anaweza kuacha fildi si kwa kuchukia kazi bali kwa kuishiwa nauli wiki ya tatu. Ninachokiona ni kwamba posho ndogo inayotoka kwa wakati inatosha kumfunga mtu kwenye kazi, na posho kubwa inayoahidiwa isitoke inamharibia hata alichojifunza. Nilikuwa na binti aliyeahidiwa nauli na bosi wa kwanza, hakuiona, akahamia gereji ambayo haikuahidi kitu ila mchana walikula pamoja sufuria moja, fundi na wanafunzi. Huyo hakuwahi kunilalamikia hela.

Na kwa kuwa nimetaja binti, niseme na hili. Wasichana wa ufundi magari wana fildi yao ndani ya fildi. Anafika, anapokewa vizuri kuliko wavulana, anapewa kiti. Kiti hicho kiko mapokezi. Anaandika namba za magari yanayoingia, anapokea simu, saa nne anatumwa chai. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemgusa, na kwenye fomu ataweka "sana" kwa sababu kweli walimheshimu. Miezi ikipita nampa injini darasani aishushe hedi, mikono inatetemeka. Wenye gereji wakiulizwa wanasema walimhurumia. Huruma hiyo nikiikuta siku hizi naitoa mapokezi mimi mwenyewe, mbele ya bosi, kwa utani wa kutosha asiudhike: "Mzee, huyu nimemleta achafuke. Akirudi na kucha safi namkata alama." Mara nyingi inafanya kazi. Sehemu ya kubadilishia nguo ni suala jingine, na hilo utani hautoshi, nimeshaona binti anafika na ovaroli ndani ya gauni tangu nyumbani.

Mpaka hapa nimeongea kana kwamba darasa halina neno. Linalo, na hapa ndipo mpango wa pande mbili unapofanya kitu ambacho fildi ya mwisho wa kozi haiwezi. Wanafunzi wetu wa kawaida wanalalamika kwamba nadharia ni ndefu na mifano ni ya zamani. Wana haki. Bado kuna vyuo vinavyotumia wiki nzima kwenye kabureta huku magari yanayoingia nchini yana mfumo wa kompyuta. Lakini sehemu kubwa ya uchovu wa darasani inatokana na kupewa majibu ya maswali ambayo kijana hajawahi kuyauliza.

Nilimwona mmoja wa pande mbili akibadilika mbele yangu. Kazini kulikuwa na pikapu yenye taa hafifu za mbele. Fundi alibadilisha globu, taa zikabaki hafifu. Akabadilisha tena, za bei kubwa zaidi. Hafifu. Kijana alikuja darasani siku ile akiwa na swali lake mwenyewe, na siku ile hata kiti cha mbele alikikalia. Nikaacha somo nililopanga. Tukachukua mita na gari la mazoezi, nikamwonyesha kwamba betri inaweza kuwa na volti 12 na zaidi na bado taa ikapata 10, kwa sababu mbili zimeliwa njiani, kwenye waya au kwenye ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, iliyoliwa na kutu pale inapofungwa kwenye bodi. Mita unaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ethi ya taa, taa zikiwa zinawaka. Ikisomeka karibu sifuri, ethi ni nzima. Ikisomeka volti mbili, umemkamata mwizi.

Alirudi gereji, akaomba mita, akapima, akaifungua ile ethi, akaikwangua kwa msasa na kuikaza upya. Taa zikawaka. Yule fundi, ambaye elimu yake yote ni ya mkono na ni nzuri, akamuuliza: "Umejuaje?" Tangu hapo fundi huyo akawa anamtuma na maswali. Kijana akawa anatoka kazini na swali la fundi, anarudi na jibu la chuo, na mara mojamoja anatoka chuoni na jibu langu na kurudi na taarifa kwamba, Madam, kwenye gari lile haikuwa hivyo. Nadharia yangu sijawahi kuifundisha kwa raha kama muhula ule. Sikubadilisha hata ukurasa wa mtaala.

Ukiwauliza wanagenzi wa namna hii kuhusu darasa, hawasemi ni refu. Wanasema siku mbili hazitoshi.

Kuna jambo linalotangulia haya yote, na ni kama kijana alitaka kuwa pale. Wengi wanakuja chuo cha ufundi baada ya matokeo ya kidato cha nne kuwa mabaya, wakiletwa na mzazi anayesema "basi akashike hata spana". Hiyo "hata" inaingia naye darasani. Ile ripoti ya Ujerumani nayo inaonyesha kwamba aliyeipata fani aliyoitaka anaridhika zaidi ya aliyeangukia. Kwetu huenda hili likalegea kidogo kidogo, kwa kuwa sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na mtoto anaweza kuchagua ufundi kabla hajafeli kitu chochote. Nasema huenda. Nimeona shule zenye mkondo na zisizo na karakana.

Hata vyeti vyetu vina vituko vyake. Zamani gredi ya tatu ya majaribio ya ufundi ndiyo iliyokuwa ya chini na ya kwanza ndiyo ya juu. Mfumo wa sasa wa tuzo za taifa umegeuza, ngazi ya kwanza ni ya chini na ya tatu ni ya juu. Basi kijana wangu anakwenda kuomba kazi na ngazi ya tatu yake anayojivunia, anakutana na mzee wa enzi zile anamwambia, "Tatu? Wewe bado sana."

Na kuna kundi ambalo halijazi fomu yoyote. Vijana wa gereji bubu, waliojifunza chini ya mti kwa fundi mmoja kwa miaka. Hao soketi walipewa mapema mno, wengine kabla ya kuota ndevu, na ukiwauliza kama wameridhika na walivyofundishwa wanakushangaa. Wanalolitaka ni karatasi. Utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo, ambapo fundi anapimwa alichokijua, anaongezewa palipopungua na kupewa cheti, umewafikia wengi, na nimewahi kuwa miongoni mwa wanaowapima. Mkono wao mara nyingi unanizidi. Wanakokwama ni pale ninapouliza kwa nini. Ukiwaweka hao kando ya wanafunzi wetu wa bweni unaona mafunzo ya pande mbili yamekatwa katikati kwa msumeno, kila kundi limebaki na nusu yake.

Muhula uliopita nilimwomba mkuu wa idara aniruhusu kuongeza mstari mmoja nyuma ya fomu. Alisitasita kwa sababu fomu ni ya makao makuu, kisha akasema nyuma ya karatasi hakuna mwenyewe. Nikaandika: taja kazi moja uliyoifanya mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na aliyeikagua.

Tiki za mbele zilikuwa zilezile. Nyuma ndiko kulikoachana. Wengine walijaza mpaka pembeni: breki za nyuma za Hiace, kukaguliwa na fundi fulani, klachi ya Canter, bosi mwenyewe aliiendesha. Wengine waliandika "kusaidia kazi mbalimbali". Na walikuwepo waliotia tiki kwenye "sana" upande wa mbele, na nyuma wakaacha mstari mtupu.

Mistari mitupu nimeipanga kwa karakana. Zilizojitokeza zaidi ya mara moja nazitembelea moja moja, bila kalamu ya alama, nimechukua rasimu ya mkataba wa kurasa mbili unaosema kijana atakaa muda gani, atafundishwa kazi zipi na nani, nauli itatoka lini, na kifaa kikivunjika kwa bahati mbaya chuo kitachangia nini. Ile yenye sakafu ya vigae bado wanasubiri majibu ya makao yao makuu. Yule mzee wa soketi hakusoma hata ukurasa wa kwanza. Aliuliza kijana ataanza lini na kama atakuwa na mguu wa kusimama siku nzima. Kuhusu nauli akasema tutaongea, na hapo ndipo tulipobaki tukivutana, kwa sababu nataka iandikwe.